Siku Ubaldo Alipotoka Ukumbini

Taa ya mdogo wangu haikuwaka. Kwenye ubao mkubwa wa ukumbi wa Bunge, Valparaíso, majina yalikuwa yanageuka rangi moja moja, hili kijani, lile jekundu, na mimi nilisimama juu kwenye ghorofa ya wageni, nyuma ya kioo, nimekazia macho mstari mmoja tu: Ubaldo Carrasco Lillo. Jina likabaki jeupe. Nikashusha macho kwenye kiti chake. Koti lilikuwa limetundikwa pale. Mwenyewe hayupo.

Sheria ilipita. Watu walinikumbatia kutoka kila upande. Rosalba, mama mnene wa mji jirani wa Viña ambaye kwa miaka mitano alikuwa amepanda nami ngazi za ofisi za wabunge kwa ajili ya binti yake, alinishika mashavu.

"Ismenia, tumeshinda. Mbona umekauka?"

"Nimefurahi," nikamwambia.

Na kweli nilifurahi. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nilizaliwa nikaandikwa mwanamume, nikapewa jina la babu, na tangu nipate akili nilijijua kuwa mwanamke. Sasa serikali ingenipa kitambulisho kinachosema hivyo. Lakini furaha ile niliisikia kwa mbali, kama ngoma ya arusi ya jirani. Nilikuwa nasubiri mtu arudi kuchukua koti lake.

Hakurudi. Alikuja karani akalichukua.

Ubaldo nilimlea mimi. Mama Herminda alikuwa anashinda kwenye banda la kufungashia zabibu, huko kwetu katika bonde la Putaendo, na mimi, niliyemzidi mdogo wangu miaka sita, ndiye niliyempikia uji, nikambeba mgongoni kwenda mfereji wa juu kuoga, nikamlaza. Alikuwa halali mpaka ashike sikio langu. Hata leo, nikijilaza mchana baada ya kushona, mara nyingine naamka nimelifunika sikio kwa kiganja, nisijue nalinda nini.

Nilipofika miaka ishirini baba alinifukuza. Nikateremka Valparaíso na mfuko mmoja, nikajifunza cherehani kwa Mtaliano mmoja wa mlima Barón, nikaanza kuvaa nguo nilizozishona mwenyewe. Ilikuwa enzi ya wanajeshi. Kuvaa gauni barabarani, kwa mtu kama mimi, kulitosha kukupeleka kituoni. Walinikamata Ijumaa. Jumatatu akaja Ubaldo, ana miaka kumi na sita, ametumwa na mama, ana suruali ya baba imefungwa kwenye gazeti. Nilitolewa mbele yake. Sitasema nilikuwaje. Tulipanda basi kurudi bondeni, na safari ile nzima naikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa: kioo cha dirisha, maumivu ya mbavu, hayo tu.

Baada ya hapo alikua, akasoma sheria, akawa meya, akawa mbunge. Kila Krismasi alinipigia simu. Aliuliza afya, akanieleza mvua. Hakunitaja kwa jina lolote, la zamani wala langu, alianza na "Sikiliza," akamaliza na "Haya." Nami nilikaa karibu na simu kuanzia asubuhi, nimevaa vizuri, kana kwamba angeniona.

Baada ya kura ile, simu za Krismasi zikakoma. Mama alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Makaburini Ubaldo alisimama upande ule wa shimo, mimi upande huu. Miaka sita tena ikapita.

Mwaka huu umekuja muswada mwingine. Unataka taifa litamke wazi kwamba watu waliobadili jinsia waliteswa vituoni enzi ile, wazee wetu waandikwe na kuombwa radhi kabla hawajaisha. Tukakutana nyumbani kwa Rosalba kugawana wabunge wa kuwaendea. Yeye alikuwa amechapisha kumbukumbu za kura ya zamani, nani alikubali, nani alikataa, na akawa anasoma huku anapaka parachichi kwenye mkate.

"Huyu alikubali, tumpeni asante na barua. Huyu alikataa, lakini mkewe mtu wa maana, tupitie kwa mke. Huyu Carrasco wa bondeni alitoka nje." Akaramba kisu. "Mimi anayetoka nje ndiye ananichosha. Aliyekataa unajua pa kumshika."

"Mimi nitamchukua huyo," nikasema.

"Wewe unamjua?"

Carrasco wako tele nchi hii. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Kidogo," nikasema.

Niliomba miadi kwa jina langu kamili. Nikapewa Alhamisi, robo saa. Karani alinikalisha, akaniletea chai, akafunga mlango. Ubaldo alikuwa amenenepa shingo na nywele zimempungua. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akaweka miwani mezani.

"Umekuja kama nani?" akauliza.

"Kama mwananchi mwenye muswada. Umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Utaunga mkono?"

"Kule kwangu, mchungaji na wenye mashamba wote..."

"Kule kwetu," nikasema. "Ubaldo, siku ile ulikwenda wapi?"

Alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara kuna stendi ya mabasi, na mabasi ya bondeni yalikuwa yanaingia.

"Chooni," akasema. "Mbunge mzima, nimevaa tai, nimekaa chooni dakika arobaini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Kura nilikuwa nayo," akaendelea. "Nilikuwa nimeshaamua kijani. Lakini nilikuwa nimeomba nafasi ya kusema, na zamu yangu ilikuwa inakuja. Nikajua nikifungua mdomo nitaeleza habari za kituo kile. Siwezi kusimama pale na nisieleze. Na mama alikuwa nyumbani anatazama televisheni."

"Si angesikia tu. Si alikuwa mama yangu?"

Akanigeukia. Tangu nimeingia, hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Uliniapisha," akasema. "Hukumbuki? Kwenye basi. Ulisema, mama asijue kamwe walivyokufanya, niape kwa uhai wake. Nikaapa. Nilimwambia ulianguka ngazi, akaamini mpaka akafa. Miaka thelathini na tano nakupigia simu, na kila nikikupigia naiona ile picha, na nimefungwa mdomo."

Nilikaa na kikombe mkononi. Sikukumbuka. Nilitafuta ndani ya basi lile, kwenye kioo, kwenye maumivu, nikajaribu kusikia sauti yangu inamwapisha mtoto wa miaka kumi na sita, sikuisikia. Lakini nilijua kuwa ni kweli, kwa sababu ndilo jambo ambalo ningefanya. Miaka yote nilikuwa nimemhesabia ukimya wake kama wa kwake peke yake.

"Mama hayupo," nikamwambia. "Nakufungulia."

"Sijui kama naweza."

"Walioniona siku ile wamekufa au ni wale walionipiga. Umebaki wewe."

Karani aligonga. Robo saa ilikuwa imekwisha. Ubaldo alinyoosha mkono anipe, kisha akaurudisha, akanifungulia mlango. Niliteremka ngazi polepole, magoti yangu hayana imani tena na ngazi.

Wiki tatu baadaye muswada uliingia ukumbini. Nilikaa juu na Rosalba. Nilimwambia tu, "Yule ni mdogo wangu," naye akanitazama, akanishika mkono.

Ubaldo alisimama na karatasi, kisha akaikunja. Alisema vibaya. Yeye hodari wa mikutano ya hadhara alikwamakwama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alisema jina la kituo, na siku. Alisema kichwa changu kilikuwa kimenyolewa kwa kisu. Alisema alivua kofia yake ya sufu akanivalisha ili watu kwenye basi wasitazame. Kofia ile nilidhani mama ndiye aliyeituma.

"Mtu huyo ni dada yangu," akasema. "Anaitwa Ismenia Carrasco Lillo. Amekaa pale juu."

Watu wa chini wakageuka kutazama kioo. Sikujua nifanye nini na mikono. Nikaiweka mapajani.

Muswada haukupita. Haukukataliwa pia: kwa tofauti ya kura nne ukarudishwa kwenye kamati ukafanyiwe marekebisho, maana yake mwaka mwingine wa ngazi. Jina la Ubaldo liliwaka kijani. Jioni hiyo bondeni walianza kumwita majina ambayo mimi nimeyazoea na yeye hajayazoea.

Jumamosi, mchana, nikasikia mtu anahema mlangoni kwangu. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu. Mkononi ana mfuko wa zabibu na orodha ya wabunge.

"Sikiliza, Ismenia," akasema, hata hajakaa. "Huyu mzee wa kusini, msimwendee asubuhi. Ana kisukari, kabla ya kula huwa mkali. Na huyu mama aliyekataa, kaka yake alifungwa na wanajeshi. Mwulizeni habari za kaka yake kwanza. Huyu hapa achaneni naye, huyo jiwe."

Nilimwekea mkate na chai. Alikula mkate wa tatu akasema mama alikuwa anatia chumvi zaidi. Nikasema ndiyo, zaidi kidogo. Nikamwuliza kama atashinda uchaguzi ujao. Akasema hadhani.

Nilikuwa na gauni la mteja la kumaliza, nikaomba ruhusa nikarudi kwenye cherehani. Aliendelea kunisomea majina, sauti ikipungua, mpaka nikasikia karatasi zinateleza sakafuni. Alikuwa amelala kitini, kidevu kifuani, mdomo wazi.

Nikauondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikatulia. Nikatafuta sindano, nikamalizia pindo kwa mkono.