Picha Ingeisha Lini

Jumanne ile Mwalimu Ruthi aliingia darasani na swali moja tu. Aliliandika ubaoni, akalipigia mstari, kisha akageuka kuwatazama wanawake kumi na tisa waliojibana kwenye madawati ya watoto wao.

"Someni."

Wakasoma kwa sauti moja, kama wasomavyo juzuu: "Picha ya jana ingeisha lini?"

"Iliisha saa kumi na mbili, Mwalimu," akasema Semeni. "Nilipofika nyumbani nilimkuta bwana kashika mwiko, anautazama kama anayetazama nyoka."

Darasa likaangua kicheko. Mastura naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Alikuwa dawati la nyuma, mwanawe Mwanamkasi akinyonya chini ya kanga. Neno picha lenyewe, wiki sita hizi, lilikuwa likimchoma.

Jana yake darasa zima lilikwenda zanana. Hilo ni onyesho la wanawake peke yao. Wenye sinema huliweka alasiri, na siku hiyo mwanamume hasogei hata mlangoni. Mmoja tu ndiye huruhusiwa, naye haonekani: yule anayeendesha mashine kule juu, nyuma ya kidirisha cha upana wa sahani, unakotokea mwanga unaopita vichwani mwa watu. Mtu huyo alikuwa Uweso, na Uweso alikuwa mume wa Mastura.

Waligombana kwa ajili ya darasa hili hili. "Mwenye mtoto mchanga, darasa la nini?" Uweso alisema jioni moja, amechoka, ananuka mafuta ya mashine. "Unataka kuwa karani?" Mastura alimfunga mtoto mgongoni, akavuka barabara nne za Ngamiani mpaka kwa mama yake. Akasusa. Na mke akishasusa, hurudi kwa kufuatwa. Mume huja na mshenga wake, yule yule aliyepeleka posa, wakakaa ukumbini wakasema maneno ya kusemwa. Uweso hakuja, wala Haji mshenga wake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa Baba Mkubwa Jumbe, anayesimama mahali pa marehemu baba yake Mastura, amekwisha tamka: Ijumaa hii akitoka msikitini anakwenda kwa kadhi. Mtu asiyemtaka mke na amwache.

Leo ilikuwa Jumanne.

Mwalimu Ruthi, mwanamke wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, mrefu, mpole, mwenye sauti isiyopanda, alichora kamba ubaoni. "Hadithi ni kamba," akasema. "Nionyesheni mafundo yake. La kwanza?"

"Mvua!" wakasema wengi.

Kihindi hakuna aliyekijua vizuri, lakini kisa walikuwa wamekishika. Msichana amenyeshewa kituoni. Kijana asiye na kitu anampa mwavuli wake, yeye mwenyewe anaondoka analowa huku anaimba. Fundo la kwanza.

"La pili?"

"Anakuja kumrudishia. Kijana anaukunja, anatia barua ndani, anampa tena."

"La tatu?"

"Anamwona kijana sokoni na mwanamke mwingine, wamebeba maua," akasema Semeni. "Kumbe dada yake! Mimi nilipiga kelele, dada yake huyo we mjinga, lakini wapi. Akautupa mwavuli nyuma ya kabati."

"Halafu baba mtu akaleta mchumba yule mnene anayeogopa kuku."

"Halafu siku ya harusi ikanyesha mvua, wakatafuta mwavuli, barua ikaanguka."

Kila jibu Mwalimu alilitilia fundo, na la mwisho akalichora limefunguka. Kisha akagonga ubao kwa chaki. "Sasa tafuteni mahali ambapo mtu mmoja angefanya jambo moja dogo, na picha ingeishia hapo hapo. Taa zinawashwa, tunarudi makwetu."

"Mvua ingenyesha kesho yake," akasema Semeni.

"Mvua si mtu, Semeni."

"Dada mtu angejitambulisha," akasema mwingine.

Mastura alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Msichana angefungua mwavuli."

"Naye kwa nini hakuufungua?"

"Hasira," akadakia Semeni.

"Hasira ni ya siku tatu, shoga," akasema Mastura polepole. Alikuwa akiutazama utosi wa mwanawe. "Baada ya hapo ni woga. Alidhani akiufungua atakuta mbavu zimevunjika, au mna kitu cha kumwambia kwamba basi. Ukikaa umefungwa, bado unaweza kudhani ni mzima."

Mwalimu Ruthi aligeuka, akaandika maneno yale ubaoni kama yalivyo ili wote wayanakili. Mastura hakuyanakili. Alikuwa akiwaza kikapu.

Kikapu kiliwahi kuja. Wiki ya pili, dereva mmoja aliyetumwa na Uweso alikileta, kimeshonwa mdomo kwa ukindu. Mama yake, Bi Mwatum, hakukiingiza chumbani. Kitu cha mume kisichopitia mkononi mwa mshenga hakifunguliwi, maana mke akikifungua amejirudisha mwenyewe, na aliyejirudisha mwenyewe huambiwa hivyo mpaka azeeke. Akakitundika jikoni, juu kwenye boriti, kikaanza kula moshi. Mastura hakubisha. Kwani mama alishika mila, na yeye alishika jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: mume anayetaka kuacha huanza kwa kurudisha nguo.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Mwatum anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerudi na macho hayo?"

Mastura alimweka Mwanamkasi mkekani, akasimama juu ya kinu kilichofudikizwa, akakishusha kikapu.

"Mastura wee!"

"Mama, kama ni nguo, nizione. Ijumaa si mbali."

Bi Mwatum aliacha kukuna. Mkono wake ulibaki juu ya kifuu, nazi ikimganda kiganjani. Lakini hakunyanyuka kumzuia. Mastura akakata ukindu kwa meno.

Hazikuwa nguo. Palikuwa na kopo la poda, miche miwili ya sabuni, kipande cha flaneli ya manjano, na daftari jipya ambalo halijafunguliwa. Chini kabisa palikuwa na karatasi ya tangazo la sinema. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa, kama anayemwandikia mtu aliyeanza kusoma jana.

Mastura alichutama palepale jikoni. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na midomo yake ikitembea.

*Mastura. Soma mwenyewe usimpe mtu. Haji yuko Pemba kwenye karafuu. Bila mshenga nitakujaje kwenu, mama atanifukuza na ana haki. Akirudi tu tunakuja. Darasa endelea. Nilikosea. Mwanangu ameota meno?*

Akarudia. Mara ya pili hakutumia kidole.

Maisha yake yote barua zilikuwa kitu cha kusomewa, na anayekusomea huijua siri yako kabla yako wewe. Hii ya kwanza aliyopata peke yake ilikuwa imekaa wiki nne juu ya kichwa chake, kila siku akipika chini yake.

"Kasemaje?" akauliza Bi Mwatum, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mastura akamsomea, yote ila neno moja. Hilo la *nilikosea* alilibakiza kuwa lake.

Bi Mwatum alikuna nazi mara tatu, ilhali nazi ilikuwa imekwisha, kifuu kitupu. "Kumbe Haji yuko Pemba," akasema. "Na sisi tumekaa tunamlaani mtu."

"Mama, mwambie Ba'mkubwa asiende kwa kadhi."

"Nimwambie nini? Kwamba mwanangu kafungua kikapu kabla ya kufuatwa?" Akafikiri. "Mimi sikufungua kitu. Kafungua mwenye kikapu. Lakini barua humwandikii, unyonge wetu haujafika hapo. Nitamzuiaje Jumbe bila neno la mumeo lililosikiwa na watu?" Kisha, akijifanya anatafuta chujio: "Hivi kesho si zanana tena? Picha ile ile?"

Jumatano sinema ilijaa. Watoto, karanga, mabuibui, vigelegele kabla hata ya jina la picha kutokea. Bi Mwatum, ambaye tangu afiwe hakuwa ametia mguu mle, alikaa katikati ya Semeni na binti yake, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mastura alichagua kiti cha katikati, pale mwanga unapopita chini.

Mvua ikanyesha kituoni. Kijana akaimba. Barua ikatiwa mwavulini. Sokoni wakaonekana wale wawili na maua yao, na Semeni akapiga kelele ile ile, "Dada yake huyo!" Msichana akarudi nyumbani analia, akaushika mwavuli, akauinua autupe nyuma ya kabati.

Hapo, Mastura akajisemea. Ingeishia hapa.

Akasimama, akamnyanyua Mwanamkasi juu kwa mikono miwili, akamtia ndani ya mwanga.

Kule mbele, juu ya uso wa yule msichana, kikatokea kichwa cha mtoto kikubwa kama mtungi, na kofia yake ya kufuma ina kishada. Mkono mdogo ukapunga. Sinema nzima ikalipuka.

"Kaa chini wee!"

"Mtoto wa nani huyo anaingia kwenye picha?"

Picha ikakatika. Mashine ikanyamaza, taa zikawaka, na kwenye kidirisha cha upana wa sahani ukajaa uso wa mtu, jasho linamtoka, macho yanatafuta.

"Mwanamume! Mwanamume!" Mabuibui yakavutwa, karanga zikamwagika, mabibi wakainama nyuma ya viti.

"Mwanamume gani, ni Uweso wa mashine!" akafoka Semeni. "Mwacheni amtazame mwanawe!"

Mastura hakujifunika. Alimgeuza mtoto uso uelekee juu, akamtekenya kidevu mpaka akacheka, akapaza sauti ambayo hajawahi kuipaza mbele za watu:

"Meno mawili! Ya chini, yote mawili!"

Kule juu uso ukatoweka, ukarudi, ukatoweka tena. Ikasikika sauti, nzito, ya mtu anayelia na hataki ijulikane: "Haji anaingia kesho na chombo cha asubuhi! Mwambieni mama! Kesho alasiri tuko kwenu!"

Watu wote wakamgeukia Bi Mwatum, nani asiyemjua. Naye alitengeneza buibui lake taratibu, akafungua mkoba, akatoa leso.

"Nimesikia," akasema. "Jumbe asijisumbue kuipiga pasi kanzu yake ya Ijumaa."

Vigelegele vikapigwa mpaka watoto wakaanza kulia. Mastura akaketi, akamkumbatia mwanawe, kofia yake ya kishada ikimgusa midomo. Na Semeni, mkono kiunoni, akakigeukia kidirisha:

"Haya Uweso, umekwisha muona! Zima taa, turudishie mwavuli wetu!"