Saa Moja na Talin

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kipindi cha tatu kikikaribia kwisha, huwa nakusanya mikate ya watoto na kuipanga juu ya soba, lile jiko la mafuta ya taa linalolipasha joto darasa letu. Watoto ishirini na wanane, mikate ishirini na minane, mingi ikiwa na jibini laini na viungo vya zaatari. Naigeuza kwa ncha za vidole mpaka chumba kizima kinanukia, na kengele ya mapumziko ikilia kila mtoto anakula mkate wa moto. Hakuna aliyeniagiza. Katika kazi zangu zote ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu kwa dakika hizo chache ni mimi ninayewalisha.

Jumanne ile nilikuwa nimefika mkate wa kumi na moja. Talin alisimama kuniletea wake, akapiga hatua mbili, akatapika juu ya viatu vyangu.

Watoto wakacheka, wakaziba pua. Mmoja akasema Talin amekula sabuni. Yeye hakulia. Alishika utepe mwekundu wa msuko wake, akaona umechafuka, akaniambia kwa sauti ndogo nisimwambie mama yake. Nilipomgusa shingoni nikakuta anachemka.

Shuleni kwetu, huku milima ya Ajloun, utaratibu umebandikwa mlangoni mwa ofisi. Mtoto akiugua atolewe darasani, kadi yake ya afya ifunguliwe, mzazi apigiwe simu, na saa iandikwe kwenye daftari la wagonjwa. Dawa asipewe bila idhini ya mzazi. Muuguzi hutujia Jumapili na Jumatano tu. Siku nyingine muuguzi ni yeyote aliye karibu, na mwalimu mkuu, Bi Inaam, asubuhi ile alikuwa kwenye mkutano mjini. Kwa hiyo nilikuwa mimi.

Nilimbeba Talin mpaka chumba cha wagonjwa. Ni chumba chembamba chenye kitanda kimoja, blanketi la kijivu na soba ndogo. Nilimfuta uso, nikamvua viatu. Kwenye daftari nikaandika jina lake, na saa: tatu na dakika ishirini. Safu ya pili ni ya saa aliyopigiwa mzazi. Niliiacha wazi. Nilijiambia nimpe kwanza maji.

Namba ya mama yake siihitaji kadi kuijua. Mama yake ni Abir, na mimi na Abir tulikaa dawati moja katika shule hii hii tangu darasa la kwanza. Mtihani wa mwisho mimi nilifaulu, yeye akaanguka. Mimi nikaenda chuo kikuu Irbid, yeye akaolewa. Siku ile watu walimwonea huruma yeye. Sasa ana watoto watatu na wa nne yuko tumboni, na mimi, baada ya miaka sita ya ndoa, nina cheti ukutani. Nyumbani kwa wakwe zangu wananiita Mama Fayiz. Fayiz ni jina la baba mkwe wangu, na ndilo atakaloitwa mwanangu wa kwanza, akizaliwa. Kila nikiitwa naitikia, kisha naenda jikoni.

Wifi yangu akiwa na mtoto mchanga humfunika shuka nikiingia, kwa kuogopa jicho la asiyezaa. Abir hakunifanyia hivyo hata siku moja. Wanawe wote aliniwekea mapajani wakiwa na siku chache, akaenda kukaanga vitunguu bila kugeuka nyuma. Wema wake huo ndio uliokuwa unanichoma. Laiti angenificha, ningemchukia nikapumzika.

Nilijua siku anayomkata Talin kucha. Nilikagua mkate wake kila asubuhi, na siku nikikuta chumvi imezidi moyo wangu ulifurahi, nami naona haya kuliandika hili. Asubuhi ile langoni Abir alikuwa amemsuka misuko miwili iliyofika kiunoni. Nilisema nywele zake zimerefuka mno. Sikusema mashallah, neno la kumkinga asipatwe na jicho. Abir ndiye aliyelisema, taratibu, kama mtu anayeokota kitu nilichoangusha, akanitazama kidogo, akatabasamu.

Chumbani, Talin alilaza kichwa mapajani pangu. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakakimbia uani. Kipindi cha nne darasa langu lilikuwa na mwalimu wa michezo, hivyo hakuna aliyenihitaji. Nilifungua misuko yake, nikauosha utepe kwenye beseni, nikauanika karibu na soba. Alinishika kidole gumba akalala, na kwa usingizi akaniita mama.

Watoto huwaita walimu hivyo kwa bahati mbaya kila siku, kisha hucheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa usingizini. Simu yangu ilikuwa mezani, mkono ungeifikia. Niliitazama, nikasema dakika tano. Zilipokwisha nikasema tano nyingine. Nikawaza kwamba nikipiga, Abir atakuja na tumbo lake na kanzu yake ya kuswalia, atamwinua, na Talin atanisahau kabla hawajafika langoni. Homa ni homa tu, nikajiambia. Hata mimi naweza kuifuta homa.

Saa nne iligonga na bado nilikuwa nafuta.

Ndipo Mama Qais, mfanyakazi wetu wa usafi, alipoingia na glasi ya chai ya majani ya maramiya, ambayo kwake ni tiba ya kila kitu, kuanzia tumbo hadi talaka. Alimtazama Talin, akaweka glasi chini bila kumpa.

"Huyu amepigwa jicho," akasema. "Na si jicho la kitoto. Hili limekomaa."

Nilimwambia ni mafua. Akanijibu kwamba na wasomi pia hufa kwa mafua ya namna hiyo. Alitoa mfukoni jiwe la shabu, maana yeye hatembei bila shabu, akalizungusha juu ya kichwa cha mtoto mara saba huku akisoma, kisha akalitupa kwenye kifuniko cha soba. Lilitoa povu, likavimba, likajikunja. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba shabu ikiungua huchukua sura ya mwenye jicho.

Mama Qais aliinama, mikono kiunoni. Akasema ni mwanamke. Ana ushungi. Kisha akatangaza kwamba bila shaka ni jirani yake mwenye geti la buluu, ambaye wamegombana juu ya maji ya mfereji tangu wakati wa kiangazi, na hata pua ni ile ile.

Mimi niliona ushungi wangu. Niliona kichwa kilichoinama juu ya kitu, kama mtu anayemlea mtoto. Nikafunika mdomo. Nywele za Talin zilikuwa zimetapakaa mapajani pangu, nami nikaanza kusema mashallah, mashallah, nikizipapasa, kama mtu anayelipua kazi ya jana. Badala ya kuchukua simu, nilikuwa nasoma Falaq, sura ya kinga.

Sijaimaliza sura, mwili wa Talin ukakakamaa. Macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kutikisika.

Sijui nani kati yetu alipiga kelele. Mama Qais alikimbilia kijiko amtie mdomoni. Wakati huo huo mlango ulifunguliwa, Bi Inaam akaingia na koti lililolowa mvua, amerudi kutoka mjini. Yeye hapandishi sauti kamwe.

"Kijiko weka chini," akasema. "Suhad, mlaze ubavu. Usimshike kwa nguvu. Tazama saa."

Nilimlaza ubavu. Bi Inaam alivuta mtoto wa meza, akatoa kadi ya Talin, na akaisoma akiwa amesimama. Mstari ulikuwa wa wino mwekundu, mwandiko wa Abir, ule ule wa mviringo niliokuwa naunakili tukiwa wadogo: homa ikipanda hupata degedege, tafadhali nipigieni mara moja.

Kutikisika kulikoma baada ya dakika moja na nusu. Mimi niliihesabu yote.

"Umempigia mama yake?" Bi Inaam akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Nimepiga mara mbili," nikasema. "Hapokei."

Bi Inaam alipiga kwa simu ya ofisi, na Abir akapokea mlio wa kwanza. Nilisikia Bi Inaam akimwambia kwa upole, lakini akimwambia, kwamba mwalimu amempigia mara mbili, na mama wa mtoto wa namna hii hapaswi kuiacha simu mbali. Alipokata akaniamuru nijaze daftari. Nikachukua kalamu, na kwenye ile safu iliyokuwa wazi nikaandika saa tatu na nusu. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Abir alifika kwa dakika nane, amevaa ndara za nyumbani, unga umemganda vidoleni. Hakuniuliza lolote. Alimkumbatia Talin, akambusu nyayo, na kila alipoinua uso alikuwa ananiomba radhi mimi. Simu ilikuwa hapa, alisema, hapa kwenye mfuko wa aproni, nilikuwa nakanda unga, sikusikia, nisamehe, umehangaika peke yako. Akauona utepe uliooshwa, umeanikwa vizuri, na hapo ndipo alipolia.

Bi Inaam alitupeleka kituo cha afya kwa gari lake. Daktari, kijana mwenye usingizi, alimfungua Talin kinywa akasema ni mafindofindo, yamejaa usaha. Degedege imeletwa na homa kupanda. Mngemleta saa moja kabla, akasema akiandika, pengine isingefika huko. Hakumtazama yeyote, lakini Abir aliinamisha kichwa kana kwamba amepigwa kofi.

Talin aliwekewa dawa, homa ikaanza kushuka, akalala. Bi Inaam alirudi shuleni. Tukabaki wawili kwenye benchi la ukumbini, mimi na Abir, kama dawati letu la zamani, isipokuwa sasa tumbo lake lilikuwa katikati ya mikono yake.

Mumewe akapiga. Nidal ni askari, yuko kambini Mafraq, na sauti yake inapita kwenye simu mpaka kwa jirani.

"Kosa ni langu," Abir akamwambia. "Suhad amenipigia mara mbili. Mwanao angekuwa na mama mwenye masikio, yasingetokea."

Nilimsikia Nidal akiuliza ni mama gani huyo asiyesikia simu iliyo mfukoni mwake. Akasema na mengine, kwamba akishajifungua huyu wa nne wengine watalelewa na nani. Abir alijibu ndiyo, ndiyo, una haki, mpaka simu ilipokatwa. Alijifuta macho kwa kiganja, unga ukabaki shavuni.

Nilitamani anigombeze. Miaka yote nilikuwa nimemwazia akiwa analia, na sikuwahi kuwaza kwamba machozi yenyewe yangekuwa hivi. Nilikuwa nimeliogopa jicho langu, kumbe jicho halikufanya kitu. Ni mkono wangu tu, uliokaa karibu na simu kwa saa nzima bila kuinuka.

Abir alikuwa anaifungua ile simu, akishusha orodha kwa kidole, akiipandisha tena. Kisha akaniegemea begani, kama alivyokuwa akifanya tukiwa na miaka saba hesabu zikimshinda.

"Hebu nisaidie wewe uliyesoma," akasema. "Natafuta ulipopiga, sioni. Ya asubuhi hii ipo ya dada yangu tu, na ya Bi Inaam, na hii ya Nidal. Itakuwa imeharibika. Au ni mtandao wa huku mlimani, eti? Mvua ikinyesha unapotea."

Alikuwa ananipa mlango, wala hakujua kwamba ni mlango. Ningesema ndiyo, ni mvua, na jioni angeniletea sahani ya mikate aliyoikanda.

Niliichukua simu mkononi mwake. Ilikuwa nzima. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Nikairudisha mapajani pake, juu ya tumbo, nikamfuta unga ule wa shavuni, maana nilijua kwamba baada ya hapo pengine hataniruhusu tena kumgusa.

"Haijaharibika," nikasema. "Sikukupigia, Abir. Hata mara moja sikukupigia. Nilitaka awe wangu, angalau kwa saa moja."