Mbaazi Zilikuwa Bado Shambani

"Nani alitoa miiba kwenye mlango wa shamba?" niliuliza mara ya pili, na shemeji yangu Remigius akajibu kwa kumpiga Lesiamon teke la mbavu.

"Mwizi haulizwi mlango, shemeji!"

"Mwizi gani anakuja mchana na ng'ombe wenye kengele?"

Lesiamon, mfugaji mwenye ng'ombe hao, alikuwa chini kwenye mabua ya mahindi, damu ikimwingia machoni. Remigius alikuwa amempasua kichwa kwa fimbo tunayopuria maharage. Kabla ya kuanguka, Lesiamon naye alimvunja mkono wa kushoto kwa rungu. Ulikuwa umepinda pasipo na kiungo. Ng'ombe mmoja, aliyekatwa mguu wa nyuma kwa panga, alikuwa akijaribu kunyanyuka na kuanguka tena. Wengine walikuwa wanakula mbaazi zetu.

"Mama Penina," Lesiamon alisema, "niliona mlango uko wazi. Mahindi mmetoa. Nikajua mmetuita."

Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Tangu enzi za babu wa mume wangu hapa Ganako, ukimaliza kuvuna unaondoa miiba, na wafugaji wa Ngorongoro wanajua wamekaribishwa. Ng'ombe wanakula mabua, wanaacha mbolea. Lakini babu alilima mtama na ulezi, akavuna vyote, akapika pombe, shamba likabaki tupu. Sisi tunapanda mbaazi katikati ya mahindi. Mahindi yanavunwa, mbaazi ndiyo kwanza zinafunga maganda, kwa hiyo miiba inabaki. Remigius aliitoa jana ili trela la mahindi lipite, kisha akaenda kunywa.

"Mbaazi hakuziona?" alifoka. "Macho yake ni ya mapambo?"

"Na mikono yako? Kurudisha miiba ilikushinda."

Hapo akaokota panga kwa mkono mzima.

"Isaya, mzuie ndugu yako!"

Mume wangu alikuwa anawaswaga ng'ombe. Hakugeuka. "Nitoe hawa kwanza. Mbaazi zikiisha, mwaka huu tumekwisha."

Remigius aliinua panga. Nikaokota ile fimbo, nikampiga nayo pale pale mkono ulipovunjika. Alilia kama mbuzi anayechinjwa, panga likaanguka. Nikalitupa mbali. Akanijia kwa kichwa, nikampiga ya pili, ya goti. Akabaki chini.

"Unampiga shemeji yako kwa ajili ya Mmang'ati?" alilia.

"Huyu ni Mmasai, mlevi wewe. Na akifia hapa, watakaokuja kukuzika watazikwa na wao."

Lesiamon alitapika. Nilimwita, akanijibu kwa Kimasai, kisha hakujibu tena. Nilivua khanga, nikamfunga kichwa kwa nguvu. Ililowa papo hapo.

"Isaya, leta pikipiki."

"Na ng'ombe?"

"Waache wale."

"Mama Penina, ni shamba lote!"

"Nimeliona. Leta pikipiki."

Aliangalia mbaazi, akamwangalia Lesiamon, akatupa fimbo ya kuswagia. Tulimpakia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, miguu yake ikiburutika.

"Tuzunguke kwa barabara?" Isaya aliuliza.

"Pita humu humu."

Akatia gia, tukakata katikati ya mbaazi, tukizilaza kuelekea hospitali.