Ubao wa Wageni

Mimi ndiye ninayeandika ubao wa klabu yetu ya nyimbo za asili. Ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, kimetundikwa ukutani nje, kulia kwa mlango, na juu yake kuna maneno mawili ya rangi nyeupe yasiyofutika: WAGENI WAJAO. Chini yake, kila Jumatatu, naandika kwa chaki nani anakuja Jumamosi, anapiga nini na anaanza saa ngapi. Nimeandika wapiga zeze, wapiga filimbi, mapacha wanaoimba wakiwa wamepeana migongo, na mzee mmoja aliyekuja na ngoma saba akapiga moja tu. Siku zote chaki yangu huenda taratibu. Jumatatu ile niliivunja mara mbili. Ilikuwa hasira ya miaka kumi na miwili.

Niliandika: BWANA KIMYA. SAUTI NA GITAA. SAA KUMI ALASIRI.

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Bwana Kimya mwenyewe? Hapa kwetu? Nikajitia hamnazo, nikaendelea kunyoosha herufi.

Jina hilo alilipata kwa wimbo mmoja. Katikati ya ubeti wa tatu anaacha kila kitu, gitaa na sauti, anakaa kimya muda wa pumzi moja, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watangazaji wa redio walichanganyikiwa. Mmoja alisema katika kimya kile unasikia wahenga wakivuta pumzi. Mwingine aliandika gazetini ukurasa mzima kuhusu kimya cha sekunde tatu. Mimi najua kilichomo mle ndani. Mle ndani yumo mama yangu, anakata uzi kwa meno.

Mama ni fundi cherehani. Wimbo ule aliutunga mwenyewe kabla sijazaliwa, akiupigia mdundo kwa kanyagio la cherehani, beti nne. Akifika katikati ya ubeti wa tatu mshono ulikuwa umefika mwisho: anainua mguu, anainama, anang'ata uzi, anageuza kitambaa, anaendelea. Basi pumziko likazoea kukaa pale pale, hata siku alizoimba akiosha vyombo. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyimbo zote duniani zina mahali pa kukatia uzi.

Halafu akaja yule kijana. Alileta suruali ya kijivu ipunguzwe, akakaa kwenye benchi, akamwamkia mama vizuri sana. Mama yangu ukimwamkia vizuri umemmaliza. Alikuwa na kinasa sauti kidogo, akasema ni cha masomo. Alikuja alasiri nne mfululizo, mimi nikiwa pembeni napachika vifungo, na kila siku alimwomba mama aanze wimbo upya, taratibu, ashike kila neno, hata siku tatu za kwanza hawakuvuka ubeti wa tatu. Mama alimwimbia na chai akamnywesha. Siku ya nne, mama akiwa ndiyo kwanza amemaliza ubeti wa tatu, aliingia bibi harusi analia, zipu ya gauni imekatika na gari linamngoja nje. Mama akaacha kuimba. Kijana akasimama, akashukuru, akasema atarudi kesho.

Baada ya miaka miwili tulimsikia redioni. Mtangazaji alisema maneno na muziki ni vya Bwana Kimya. Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio. Nilingoja apige kelele, atukane, alie, lolote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ameanza juu mno," akarudi kwenye mshono wake.

Lakini wateja hawakumwacha. "Fundi, unauimba vizuri huu wimbo wa Bwana Kimya, ila mwishoni unakosea, unaongeza maneno." Aliyasikia hayo mara moja, mara mbili, mara ya tatu akanyamaza. Tangu hapo, miaka kumi na miwili, nimesikia cherehani tu. Nilitaka mama aimbe tena. Na nilitaka yule mwanamume aumbuke mbele za watu mpaka akose pa kuficha uso. Ningeambiwa nichague moja kati ya hayo mawili, sina hakika ningechagua kama mtoto mwema.

Sasa klabu yetu ina desturi yake, tunaiita kutaja mdomo. Kabla hujaimba wimbo lazima useme umeutoa kwenye mdomo wa nani: shangazi, jirani, mfungwa mwenzako, yeyote. Na msikilizaji akiwa na swali anasimama anauliza, na mwimbaji haendelei mpaka amejibu. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu tunayemwita Kipaza, maana hajawahi kuhitaji kipaza sauti, na katika hilo hana mchezo. Aliwahi kumrudisha nyumbani mpiga filimbi aliyemtaja babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa.

Barua ya mwaliko niliiandika mimi. Nilimpaka mafuta Bwana Kimya hadi nikaona haya mwenyewe. Niliandika kwamba klabu yetu ndogo haitasahau siku atakayokanyaga jukwaa letu, na hapo sikusema uongo. Kuhusu mama hakuwa na njia ya kujua. Mtaa wetu wa zamani ulivunjwa barabara ilipopanuliwa, na sasa duka la mama liko milango miwili kutoka klabu.

Nilimwambia mama jioni ile ile. Alikuwa anafumua kola ya shati.

"Unataka nini hasa?" aliniuliza.

"Nataka aumbuke."

"Halafu?"

"Halafu basi. Arudi kwao ameumbuka."

Alipuliza nyuzi zilizobaki kwenye kola. "Alikuwa mwembamba sana yule kijana," alisema. "Nilikuwa nikimwonea huruma."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sijawa kiziwi. Jumamosi nina gauni la watu. Nikilimaliza nitapita."

Nililala nimefura. Siku zote zilizofuata nilisimama mbele ya kioo nikifanya mazoezi ya hotuba. Ilikuwa hotuba ndefu, yenye neno "mwizi" mara sita.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa kumi. Viti vyetu sitini vya plastiki viliisha, watu wakakaa madirishani. Kiti cha mbele nilikishikia mama kwa mtandio wangu. Bwana Kimya alipanda jukwaani, sasa ana kitambi na pete mbili, akaimba wimbo wa kwanza akamtaja mjomba wake, akaimba wa pili akamtaja mvuvi fulani. Mama aliingia hapo, amevaa gauni lake la kazi lenye pini kifuani, na kwapani amebana furushi la karatasi ya kaki lililofungwa kwa uzi. Nilikereka. Hata leo anakuja na kazi za watu!

Ukafika wimbo wenyewe. Watu walianza kupiga vigelegele kwa nota ya kwanza tu. Kipaza akanyoosha mkono. "Taja mdomo!"

Bwana Kimya alitabasamu, macho makavu kabisa. "Huu, mwenyekiti, hauna mdomo. Nilikuwa peke yangu chumbani, usingizi hauji, na wimbo ukanijia wote mzima. Sikufundishwa na mtu."

Wakampigia makofi! Watu wangu wa klabu, ninaowaandikia ubao kila wiki, walimpigia makofi. Nikasimama na hotuba yangu yote mdomoni. Mama akanivuta gauni.

"Kaa."

Nina miaka thelathini na minane, na nilikaa.

Bwana Kimya aliimba ubeti wa kwanza, nashona nguo ya mwenzi, ya kwangu ina kiraka. Akaimba wa pili. Akaingia wa tatu, akafika mahali pale, akaacha. Ukumbi ukazuia pumzi. Katika kimya kile mama aliinama juu ya furushi, akashika uzi, akaung'ata. Ulikatika kwa mlio mdogo mkavu, na watu wa mistari ya mbele wote waliusikia. Bwana Kimya pia aliusikia. Aligeuza macho, na nikaona vidole vyake vinatafuta nyuzi za gitaa na kuzikosa. Alimaliza wimbo huku akitazama sakafu.

Makofi yalipotulia mama alikuwa amesimama. "Nina swali," alisema.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Kimya.

"Marahaba, mwanangu. Kwanza suruali yako iko tayari."

Watu waliangua kicheko. Mama alifungua karatasi, akatoa suruali ya kijivu iliyonyooshwa, kiunoni imebanwa kijikaratasi kwa pini. Hapo ndipo nami nilipoijua. Mama hauzi wala hagawi nguo ambayo mwenyewe hajaifuata. Anaifunga, anaiweka kwenye rafu ya juu, na kila mwaka anaikung'uta na kuibadilishia karatasi. Tulihama nazo zote. Furushi lile nimelishusha na kulipandisha mara kumi na nne kwa mikono yangu mwenyewe bila kuuliza ni la nani.

"Mama yangu," alisema Bwana Kimya kwa upole wa redioni, "nadhani umenifananisha. Mimi sijawahi kufika kwako."

"Inawezekana, macho yangu yamechoka." Mama aliinua kijikaratasi karibu na pua. "Lakini hapa niliandika, mguu wa kushoto upunguzwe nusu inchi zaidi ya wa kulia. Nimeshona miaka arobaini, miguu ya hivyo nimekutana nayo mara moja tu."

Macho ya ukumbi mzima yalishuka miguuni kwake. Suruali yake ya bei ilikuwa imekaa sawasawa juu ya kiatu cha kulia, na juu ya cha kushoto imejikunja. Akauvuta mguu chini ya stuli.

"Mgeni," alinguruma Kipaza, "hebu simama tukuone."

Hakusimama.

"Mwache, mwenyekiti," alisema mama. "Swali langu si suruali. Huu wimbo, mwanangu, ubeti wa nne unasemaje?"

"Una beti tatu. Mimi ndiye niliyeutunga, mama, ningejua."

"Kwako ni tatu, kwa sababu siku ya nne aliingia bibi harusi zipu imekatika, nikaacha kuimba. Ulisema utarudi kesho."

Kikakaa kimya kirefu, kirefu kuliko kile cha wimbo, na safari hii hakuna aliyesema ni wahenga. Nilifurahi, na sitajidai kwamba nilimwonea huruma. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya nywele na nililihesabu tone kwa tone. Kama ningeweza kuichukua alasiri ile na kuiweka kwenye rafu ya mama, ningeikung'uta kila mwaka.

"Uimbe, fundi!" mtu alipiga kelele kutoka dirishani. "Tuimbie huo wa nne!" Wengine wakadakia.

Mama aliikunja suruali vizuri, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha mkono akaiweka mapajani mwa Bwana Kimya. "Siwezi kuuimba yeye akiwepo," alisema. "Nilimwachia tatu akaondoka nazo."

Kipaza alikwenda akafungua mlango, akasimama pale ameushikilia. Hakusema lolote, na kwa Kipaza hilo ni jambo kubwa. Bwana Kimya alitia gitaa kwenye mfuko, akashuka, akapita kati ya viti huku watu wakivuta magoti kumpisha kama anayepita na ndoo ya maji machafu. Alipofika katikati ya ukumbi mama alimwita.

"Na suruali yako."

Alikuwa ameiacha kwenye stuli. Ilibidi arudi, njia ile ile, magoti yale yale, aichukue, na atoke nayo mkononi. Mimi katika hotuba yangu yote, na neno "mwizi" mara sita, nisingeweza kutunga kitu kama hicho.

Mlango ulipofungwa mama aliimba. Hakupanda jukwaani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na mguu wake ukakanyaga sementi kana kwamba kanyagio liko pale. Sauti haikuwa ile ninayoikumbuka. Ilikuwa imeota kutu, ilimkatikia mara mbili, na juu hakufika. Nikalia, na yalikuwa machozi ya hasira kuliko furaha, maana nilielewa kwamba tumemvua nguo Bwana Kimya mbele za watu na bado miaka kumi na miwili ya sauti ya mama yangu hatairudisha. Akafika ubeti wa nne, ambao wateja walisema ni makosa: siku nikivaa yangu, nyote mtanitambua. Watu walisimama wote, hata wa madirishani.

Jua lilikuwa bado kali tulipotoka. Nilichukua kitambaa nikafuta BWANA KIMYA, kwa nguvu hadi rangi nyeusi ikatoka nayo. Nikaandika kwa herufi kubwa: FUNDI CHEREHANI. SAUTI. NYIMBO ZAKE MWENYEWE. SAA KUMI ALASIRI. Nikarudi nyuma nimwonyeshe mama, nikingoja anisifu.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye yale maneno mawili meupe.

"Na hayo futa."

"Hayo ni rangi, mama. Hayafutiki."

"Basi niandike kwingine," alisema. "Kwenye wimbo huu mgeni alikuwa yeye."

Nikahamia upande wa kushoto wa mlango, kwenye ukuta mtupu, nikaanza upya.