Antena Kwenye Pembe za Ng'ombe

"Kilo mbili za chumvi, Hirwa! Kilo mbili! Ulikuwa unaunga mboga ya ziwa zima?"

"Si wewe uliyesema, mzee?"

"Nilisema Tanga! Tanga kuna bahari! Nilisema kule maji ya chumvi yanaipa antena nguvu. Nilikutuma dukani mimi?"

Hakunituma, kweli. Lakini mtu akikusimulia kitu mara saba, si unajua ni dawa?

Tulikuwa kwenye chumba chake cha hapa mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, anapofikia akija kuchukua mzigo wa duka lake la Rubwera. Mzee Gharib ana leseni ya zile redio za kuongea na watu wa mbali, bila simu, bila bando. Mimi tangu nimalize fomu foo niko Kimuli napalilia migomba. Akaniahidi: funga antena mwenyewe ufukweni, mpwa wangu Mansoor akusikie kule Tanga saa kumi kamili, nami nakufundisha mpaka upate leseni yako. Asiponisikia, jembe linanisubiri.

Nikafunga. Mwanzi nikausimamisha, waya nikaupandisha mpaka juu, na waya nyingine nne za chini nikazitandaza kwenye mchanga mbichi. Safi kabisa. Halafu nikajiambia, ziwa letu halina chumvi, ngoja tulisaidie. Nikamwaga.

Nikasahau mchungaji Hategekimana ananyweshea ng'ombe palepale. Na ng'ombe akishanusa chumvi hamsikii tena mchungaji. Walikuja mbio kama wamesikia kuna harusi. Wakalamba mchanga, wakalamba waya, mmoja akanilamba kiatu. Yule mwekundu mwenye pembe ndefu akainua kichwa, mwanzi chini, waya ukajisokota kwenye pembe, akaondoka nao.

"Antena yangu inapanda kilima," Mzee akasema, huku anaiviringishia redio taulo. "Inakula majani."

"Usiifunge, mzee. Ni saa tisa na nusu tu."

"Utaongea kwa antena gani? Mkia?"

"Redio ni nzima, mwanzi ni mzima. Waya naufuata."

"Kichwani kwa ng'ombe?"

"Kichwani kwa ng'ombe."

"Wallahi mtoto huyu! Akikupiga pembe nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie nilikuwa kazini." Akataka kucheka, akajizuia. Nikaona nimwambie tu. "Mzee, nikirudi Kimuli leo mikono mitupu, basi. Sitoki tena kule. Najijua."

Akaacha kuviringisha. Taulo likabaki nusu.

"Mansoor hasubiri," akasema. "Akikuta kimya dakika tano, anaenda zake msikitini kuswali alasiri."

"Dakika tano zinanitosha."

"Hujui hata kukamata mbuzi!"

"Nitajulia hukohuko."

Akalifungua taulo polepole, akaiweka redio mezani, akavuta kiti.

"Haya, nenda. Na ukimfikia, mpe shikamoo yake. Mwenye antena leo ni yeye."

Nikatoka, nikafunga mlango.