Heshima ya Maiti

Jokofu la chumba cha maiti lilikuwa limezima tangu usiku, na harufu ilikwisha kufika barazani, ambako Sihaba alikuwa ameketi juu ya tofali. Mhudumu wa chumba hicho alitoka kumwaga ndoo ya maji, akarudi, akatoka tena. Safari hii alisimama.

"Jokofu nalo limekufa, mzee," alimwambia Pazi. "Ila lenyewe halina wa kulizika."

Pazi alikuwa amepakata sanda iliyofungwa katika gazeti. Alikuwa kaka wa marehemu mume wa Sihaba, msemaji wa nyumba tangu mdogo wake afariki, na ndiye aliyeosha maiti wa kiume pale Zinga. Aliyelala ndani alikuwa Najim, mtoto pekee wa Sihaba. Alhamisi Najim aliondoka nyumbani kwa miguu yake, katikati ya askari wawili, akiwa bado na shati la kupakilia mananasi kwenye malori. Mwenye shamba moja, ambaye makazi yake yalikuwa Dar es Salaam, alikuwa amepotelewa na pampu ya maji, na Najim ndiye aliyeshukiwa. Jumamosi, jua likiwa limepanda, askari mwingine alikuja Zinga kueleza kwamba kijana ameanguka mahabusu, akafariki. Pazi aliuliza ameanguka kutoka wapi. Askari alisema hilo wataelezwa hospitali.

Daktari Bader alitoka baada ya sala ya adhuhuri. Sihaba alimfahamu kwa baba yake, mwenye duka la vitambaa mjini Bagamoyo, ukoo uliotoka Omani vizazi vingi nyuma. Kanzu ya jando ya Najim ilishonwa kwa kitambaa cha duka lile. Daktari alichutama mbele yake, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.

"Mama, pole sana. Nataka nikuambie kama mwanao, si kama mtu wa serikali."

"Nakusikiliza, Daktari."

"Mna haki ya kutaka maiti apasuliwe. Bingwa wa kazi hiyo yuko Dar, hafiki kabla ya Jumatatu, na hali ya jokofu mmeiona. Atamfungua kutoka hapa," akagusa koo lake mwenyewe, "mpaka hapa chini. Atatoa kila kilichomo, akipime, kisha akirudishe kadiri atakavyoweza."

"Astaghfirullah," alisema Pazi.

"Mimi sina haja ya kumkata ili nijue. Mbavu za kushoto zimevunjika, nimezigusa kwa vidole hivi. Nyayo zake zimepigwa. Huyu hakuanguka, mama. Amepigwa." Alishusha sauti. "Mzikeni leo, kwa heshima yake. Kesi ikifika, nitasema mimi."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Mimi ndiye niliyemwona. Asiyemwona atasema nini?"

Pazi alisimama, akaikumbatia sanda. "Shemeji, daktari ni msomi na ni Mwislamu mwenzetu. Tunataka nini zaidi?"

Askari aliyekuwa getini alikuja kuuliza familia imeamua nini. Sihaba alimjibu kwa sauti, ili asije akasema hakusikia: "Hatutaki mwanangu akatwe."

Walimzika baada ya alasiri. Daktari alifika mpaka makaburini Zinga, akatia udongo kwa mkono wake kama wengine, na watu walimsifu kwa hilo kwa wiki nzima. Kabla ya hapo Pazi alikuwa amejifungia na mwili kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Alipotoka, mikono ya kanzu ikimchuruzika maji, Sihaba alimngoja mlangoni.

"Umeona nini?"

"Mwosha maiti ana macho ya kazi tu, shemeji. Kazi ikiisha, hayakuona kitu."

Ndivyo alivyomjibu pia Huda, wakili wa serikali, miezi mingi baadaye, Huda alipokuja Zinga kutafuta mashahidi: kinachoonekana wakati wa kuosha husitiriwa, na anayekitoa nje atakikuta mbele yake kesho akhera. Huda alimgeukia Sihaba, akitarajia pengine kwamba mama mtu atamsihi. Sihaba hakumsihi. Daktari alikuwa ameahidi kusema.

*

Mahakama Kuu iliketi kwa kikao chake mwaka uliofuata. Sajini Muhidini, aliyekuwa zamu kituoni usiku aliokufa Najim, alishtakiwa kuua bila kukusudia. Alikuwa nje kwa dhamana, na kizimbani alivaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani. Sihaba alikuwa shahidi wa kwanza. Wakili wa utetezi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, hakumsumbua.

"Bi Sihaba, ni kweli mlikataa mwili usichunguzwe kwa ndani?"

"Tulikataa asipasuliwe."

"Mlilazimishwa na polisi kukataa?"

"Hapana."

"Ahsante sana, mama. Pole kwa msiba."

Sihaba alirudi kuketi bila wasiwasi. Alikuwa ameshika msahafu, na alichokisema kilikuwa kweli.

Daktari Bader aliitwa siku iliyofuata. Alikula yamini kwa matamshi mazuri ya Kiarabu, akajitambulisha: wakati wa tukio alikuwa daktari wa zamu, sasa alikuwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Huda alimwomba aeleze alichokiona.

"Mheshimiwa Jaji, niliona mwili wa mwanamume kijana. Ulikuwa na michubuko sehemu kadhaa."

"Michubuko hiyo ilisababishwa na nini?"

"Michubuko ina sababu nyingi."

Huda alitazama faili lake. "Mbavu zilikuwa katika hali gani?"

"Kuvunjika kwa mbavu huthibitishwa kwa picha ya eksirei au kwa kuupasua mwili. Vyote viwili havikufanyika."

"Kwa nini havikufanyika?"

"Familia haikuridhia." Aligeuka upande wa Jaji, akainamisha kichwa kidogo. "Mimi pia ni Mwislamu. Niliiheshimu imani yao."

Nyuma ya Sihaba mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Haya, mmelikoroga wenyewe," na mwenzake akacheka puani. Karani aliwatazama wakanyamaza.

Sihaba alikuwa akiusubiri uongo. Alitaka daktari aseme hata neno moja lisilo kweli, ili yeye asimame, atolewe nje akipiga kelele ikibidi. Neno hilo halikuja.

Wakili wa utetezi aliinuka.

"Daktari, wewe ulishuhudia mtu yeyote akimpiga marehemu?"

"La."

"Nyayo zilikuwaje?"

"Zilikuwa na uvimbe. Lakini mtu anayefanya kazi ya kubeba mizigo pekupeku huweza kuwa na nyayo za namna hiyo."

"Je, marehemu alikuwa na kifafa?"

"Waliomleta walinieleza hivyo."

"Na mwenye kifafa akianguka kwenye sakafu ya saruji, anaweza kupata michubuko kama uliyoiona?"

"Anaweza."

"Najim hakuwa na kifafa," alisema Sihaba.

Hakusimama. Alisema kama mtu anayemsahihisha jirani. Jaji aliinua macho, akamwambia bila ukali kwamba alipewa nafasi yake jana. Kisha akamwuliza daktari, kwa maneno machache, sababu ya kifo ni ipi. Daktari alisema kwamba kitaaluma sababu ya kifo haijulikani.

*

Huda alimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta uliochubuka rangi. Wakili huyo hakuwa amefikisha miaka thelathini, na alikuwa ameshika faili kifuani kama mwanafunzi.

"Pole, mama."

"Amegeuka. Aliniambia mwenyewe mbavu zimevunjika. Si mnaweza kumwambia Jaji kwamba amegeuka?"

"Hajageuka. Ndivyo alivyowaeleza polisi tangu siku ile ya kwanza, na ndiyo maelezo tuliyokuwa nayo. Nilitumaini akiwa kizimbani ataongeza kitu."

"Siku ya kwanza ipi?"

"Siku ya msiba. Saa moja asubuhi. Alieleza michubuko, akaeleza kwamba familia imekataa maiti asipasuliwe."

Sihaba alimtazama. "Asubuhi tulikuwa Zinga. Hatukuwa tumepata habari. Sisi tumefika hospitali adhuhuri."

Huda alifungua faili, akasoma, akalifunga. Uso wake ulionyesha mtu aliyekuta mlango asioujua katika nyumba anayoishi siku zote.

"Nilidhani mlikuwapo," alisema.

"Amekataa kwa niaba yetu kabla hajatuona. Kisha akaja kunichutamia. Nirudishe ndani nikaseme."

"Nikikurudisha, mama, yule wakili atakuuliza swali moja. Mlikataa au hamkukataa?"

"Tulikataa."

"Basi. Saa hiyo ataiita kosa la mwandishi."

Kwenye ua, Sajini Muhidini alikuwa akipeana mikono na watu, akimwuliza mmoja wao hali ya watoto.

"Iko njia nyingine," Huda alisema mwishowe. "Naweza kumwomba Jaji atoe amri kaburi lifukuliwe. Mifupa haiozi upesi. Kama mbavu zilivunjika, zitaonekana. Lakini ninyi mkubali, tusije tukapigwa na hoja ile ile."

Sihaba alimfikiria Pazi, na neno atakalosema. Akafikiri kwamba atamwambia anyamaze; kwa mara ya kwanza katika maisha yake atamwambia hivyo.

"Nakubali. Nani atakayeitazama mifupa?"

Huda alilirudisha faili kifuani.

"Mganga Mkuu wa Wilaya," alisema. "Au mtu atakayeteuliwa naye."

Sihaba alitikisa kichwa taratibu, akashuka ngazi kwenda kumtafuta shemeji yake. Watu walikuwa wakitoka uani. Gari la polisi, lile la wazi nyuma lenye mabenchi mawili, lilikuwa limesimama kivulini. Ndilo lililomleta daktari, kwa kuwa ofisi ya mashtaka haikuwa na mafuta. Daktari alikuwa mlangoni mwa gari, akivua koti. Alipomwona alilishika koti kwa mkono wa kushoto, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ulijibu mdomo wake, kabla yeye hajajua unafanya nini.

"Tunapita Zinga. Jua kali hili, msihangaike. Mzee nimekwisha kumwambia."

Dereva, askari kijana, aliwasha injini. Sihaba aligeuka. Pazi alikuwa amekwisha kupanda nyuma, kofia yake ameivua, uso umemlegea kwa uchovu. Alipoona shemeji yake anamtazama alisogea ndani, akapangusa vumbi kwenye benchi kwa kiganja, mara moja, kisha tena, ili naye apate mahali safi pa kukaa.