Joho la Malkia Halina Mfuko

Niliota jana mchana, kichwa nimekilaza juu ya cherehani, kwamba Malkia Orsila ameingia kibandani kwangu kudai mfuko.

Nieleze kwanza. Mimi ni Mwamvua, fundi nguo hapa Tabora, na kibandani nina televisheni ndogo inayonifukuzia wateja na kuniletea wengine. Kila siku saa nane tunatazama tamthilia ya Milki ya Ukungu. Wiki iliyopita malkia alimfungia mdogo wake nje ya lango, joka linakuja, na ufunguo anao mkononi. Tangu hapo ni ugomvi mtupu. Bi Hidaya, ambaye gauni lake lilikwisha tangu Idi na bado anakuja kulijaribu na kutaka lipunguzwe, anasema malkia ana roho mbaya, basi. Baba Shukuru, jirani yangu mpiga pasi, anakataa. "Sheria ya tamthilia ni moja," anasema. "Mtu hafungi mlango bila sababu." Mimi niligombana na wote wawili. Nilisema mwandishi kakosea, dada hawezi kufanya vile. Nilisema kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza.

Basi malkia anaingia, ameinama ili taji lisikwaruze bati.

"Fundi, ulinishonea joho bila mfuko," anasema. "Sababu yangu ningeiweka wapi?"

Namwambia joho hilo sikulishona mimi. Anageuza pindo, nauona uzi wangu wa zambarau, ule ninaoutumia mweupe ukiisha. Naomba radhi.

"Sasa sababu yenyewe umeidondosha wapi?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

Hapo cherehani ikakohoa. "Katika sehemu iliyopita," ikasema, kwa sauti nzito kama ya mtangazaji, "Mwamvua alikuwa chumbani, na hodi ikabishwa."

"Nyamaza wewe." Miaka tisa nimeitia mafuta haijawahi kufungua mdomo.

"Nasoma nilichoandikiwa," ikajibu.

Nikainuka nitoke nje nipate hewa. Nje hapakuwa barabarani. Palikuwa ukumbini kwangu, nyumbani, ila mlango umekuwa lango refu la mbao na vyuma, na kufuli lake ni kubwa kama sufuria ya pilau. Nyuma yangu yamepangwa mabenchi. Wateja wangu wote wamekaa, wengine wamevaa nguo zenye pini bado. Baba Shukuru kaja na pasi yake. Malkia yuko katikati, anamumunya ubuyu. Wote wananitazama mimi.

Ngo, ngo, ngo. Kisha mkwaruzo mmoja wa ukucha. Duniani kuna mtu mmoja tu anayebisha hivyo.

"Dada Mwamvua, ni mimi. Nina begi."

Ni Sikitu, mdogo wangu wa Nzega. Na hili si la ndotoni, lilitokea kweli mwezi wa nne. Aliikimbia ndoa yake akaja kwangu, akabisha, nami nimekaa kitandani nimebana pumzi mpaka nikasikia begi linaburutwa kwenda zake. Tangu siku hiyo hajanipigia, wala mimi sikumpigia.

"Sababu?" kufuli linauliza.

"Nilikuwa nimelala."

"Haiingii."

"Nilikuwa naumwa."

"Hiyo ilishatumika sehemu ya tano."

Nataka kukaa, kigoda kinasogea. Nakifuata, kinasogea tena. Huko nje kitu kizito kinaburuta mkia kwenye changarawe, kisha joka linachungulia juu ya ukuta, limevaa miwani ya kusomea.

"Samahani," linasema. "Nimeandikiwa kumla mtu saa tisa kasorobo. Mtachelewa sana?"

"Unamla nani?"

"Aliyeko nje. Mimi sichagui, mama, nafuata maandishi."

Natazama saa ya ukutani. Ni saa tisa kasoro dakika ishirini. Nalivuta kufuli kwa mikono miwili, na kwenye mabenchi mjadala umepamba moto.

"Roho mbaya tu huyo," anasema Bi Hidaya.

"Labda mumewe alimkataza," anasema mwanamke mmoja mwenye pini kwapani.

"Mume gani?" Bi Hidaya anasimama kabisa. "Mbona hatumwoni tangu sehemu ya kumi na mbili? Viatu vyake havipo mlangoni, shati lake halipo kambani. Mwandishi kamsahau!"

"Hajamsahau," anasema malkia, na kutema mbegu.

Nikajisikia kama nimevuliwa nguo mbele yao. Joka likaanza kusafisha miwani. Saa ikasema, bila kuulizwa, kwamba zimebaki dakika mbili.

"Mume wangu, Haruna, aliondoka mwezi wa pili," nikaliambia kufuli. "Alisema anakwenda Mpanda wiki mbili. Miaka yote Sikitu akilia kwenye simu, mimi nilimwambia vumilia, ndoa ni uvumilivu, niangalie mimi. Ningefungua, angeniangalia. Angekuta kitanda kina mto mmoja. Niliona aibu. Nilimwacha mdogo wangu nje kwa sababu ya aibu."

Bi Hidaya alikuwa analia, na hakunitazama.

"Nyumba njema si mlango," kufuli likasema, likafunguka.

Sikitu amekaa juu ya begi, bega kwa bega na joka, wanakula karanga. Anazifikicha viganjani na kuzipuliza, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo, makusudi, maganda yanirukie mimi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Joka limeshiba," anasema. "Mimi bado." Akapuliza, maganda yakanijaa kifuani.

"Fundi! Unakoroma juu ya gauni langu!"

Alikuwa Bi Hidaya, ananitikisa bega. Televisheni ilikuwa kwenye matangazo. Nikainua kichwa. Kwenye kitambaa cheupe chini ya sindano, na mapajani kwangu, kulikuwa na maganda mekundu ya karanga, yale membamba.

"Nani kala karanga humu?"

Hakuna aliyekula. Bi Hidaya alikuwa amefunga sunna ya Jumatatu, na Baba Shukuru hana magego.

"Tuendelee," akasema Baba Shukuru. "Malkia alikuwa na sababu gani?"

"Aibu," nikasema, nikachukua simu, nikatoka nje. Safari hii palikuwa barabarani.

Iliita mara mbili. Sikitu akapokea, na kabla hajaniamkia nikamsikia anatafuna.

"Sikitu," nikasema, "Haruna aliondoka mwezi wa pili."

Kutafuna kukakoma.

"Dada," akasema, "mbona umeshaniambia?"